Mwalimu Kuaminiwa na Wanafunzi Wapya

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), twapenda katika darasa letu hili kuzungumza na walimu na wazazi juu ya jambo linaloonekana dogo, na kumbe ndilo mlango wa mafunzo yote. Jambo lenyewe ni hili: mtoto aingiapo darasani kwa mara ya kwanza, mbele ya mtu mzima asiyemjua, huanzaje kumwamini? Na mwalimu yampasa atende nini katika siku zile za mwanzo ili aaminiwe?

Kila mwezi wa Januari, mwaka wa masomo uanzapo, na kila vyuo vyetu vya Kurani vifunguliwapo baada ya mapumziko ya Ramadhani na Idi, watoto wadogo huonekana katika miji yetu ya pwani wakishikwa mikono kupelekwa kwa walimu wapya. Wazazi katika siku hizo huwa na shughuli nyingi. Hushughulikia sare na viatu, madaftari na juzuu, ada na nauli. Haya yote ni ya lazima, na anayeyatekeleza atimiza wajibu wake. Walakini ni wachache mno wanaouliza, baada ya juma moja au mawili: Je, mwanangu amemwamini mwalimu wake? Ajua kwamba akikosea hatafedheheshwa? Ajua kwamba akiumwa au akidhulumiwa, yupo mtu pale wa kumwambia?

Wazee wetu walikuwa na maneno yao siku ya kumpeleka mtoto chuoni. Baba humwambia mwalimu: "Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake ni kuwa amemwachia mwalimu amfunze na kumtia adabu apendavyo, mradi mtoto arudi hai. Hatuwalaumu wazee kwa nia yao, kwani walikusudia kuonyesha kuwa wamemwamini mwalimu na kumpa hishima yake. Lakini hebu tutazame, ndugu msomaji, ni nani aliyeamini katika maneno hayo. Ni baba. Mtoto hakuulizwa. Baba aweza kumkabidhi mwalimu mkono wa mtoto, wala hawezi kumkabidhi moyo wake. Moyo huo mwalimu hana budi kuutafuta mwenyewe, na wakati wa kuutafuta ni siku za kwanza, kwani udongo uwahi ungali maji.

TOFAUTI YA KUOGOPA NA KUAMINI

Wako walimu watakaosema: "Wanafunzi wangu ni watiifu. Niingiapo, hakuna anayekohoa." Twajibu kuwa ukimya wa darasa wapatikana kwa njia mbili. Yuko mtoto anyamazaye kwa kuwa asikiliza, na yuko anyamazaye kwa kuwa aogopa. Kwa macho ya mpita njia wote wawili ni sawa. Tofauti yao hudhihiri siku moja tu: siku ambayo mtoto hakufahamu. Yule wa kwanza atainua mkono aulize. Yule wa pili ataitikia pamoja na wenziwe, atatikisa kichwa, na atakwenda nyumbani na ujinga wake umefichika vizuri.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliliandikia jambo hili mlango mzima katika kitabu chake Al-Muqaddima. Alieleza kwamba ukali mwingi huwadhuru wanafunzi, khasa watoto wadogo. Mtoto aliyelelewa kwa kushurutishwa na kuonewa hubanwa nafsi yake, huondokewa na uchangamfu, kisha huingia katika uvivu na uwongo. Hujifunza kudhihirisha lisilokuwa moyoni mwake kwa kuuogopa mkono wa mwalimu, na hila hiyo ikawa tabia yake hata akawa mtu mzima. Basi mwalimu aliyedhani kuwa ametia adabu, kumbe ametia unafiki.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mwalimu wa dini. Mtoto aliyemchukia mwalimu wa hisabu huenda akaichukia hisabu, na khasara hiyo yaweza kufidiwa. Lakini mtoto aliyefunzwa Kurani kwa khofu aweza akakua hali ya kuwa asikiapo Kurani ikisomwa, hukumbuka uchungu. Ni msiba gani mkubwa kuliko huo?

MWALIMU BORA NA MWANAFUNZI MGENI

Katika Sahihi ya Muslim imepokewa khabari ya swahaba Muawiya bin al-Hakam al-Sulami, na twaona kuwa ndiyo darasa kamili katika mlango huu. Bwana huyu alikuwa mgeni katika Uislamu. Siku moja alikuwa akisali nyuma ya Mtume (S.A.W.), na mmoja wa waliosali akapiga chafya. Muawiya akamwombea rehema kwa sauti hali wamo ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho. Naye asijue kosa lake, akawauliza wana nini hata wamtazame vile. Wakaanza kupiga mapaja yao kwa mikono ili anyamaze, naye akanyamaza.

Sala ilipokwisha, Mtume (S.A.W.) alizungumza naye. Muawiya asimulia kuwa hakupata kumwona mwalimu, kabla yake wala baada yake, mwenye kufunza vizuri zaidi. Hakumkemea, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kuwa sala haifai ndani yake maneno ya watu, na kuwa ni mahali pa tasbihi na takbiri na kusoma Kurani.

Wengi wetu husimulia khabari hii mpaka hapo, kisha tukanyamaza. Lakini yaliyofuata ndiyo makubwa kwa mwalimu. Yule bwana alipoona kuwa kosa lake halikufanywa fedheha, hapo hapo ulimi wake ulifunguka. Akaeleza kuwa yeye ni wa juzi tu kutoka katika ujahili, na akaanza kuuliza: wako katika watu wetu wanaowaendea makuhani, wako wanaotazamia fali mbaya, je, hukumu yake ni nini? Akajibiwa moja baada ya moja. Kisha akafikia lililokuwa zito zaidi moyoni mwake. Akakiri kwamba alikuwa na kijakazi mchunga mbuzi, na siku mbwa mwitu alipochukua mbuzi mmoja, yeye alighadhibika akampiga kofi. Hapo Mtume (S.A.W.) hakulichukulia jepesi. Aliliona kuwa ni jambo kubwa, na mwisho wa khabari ni kuwa kijakazi yule aliachwa huru.

Tazama mpango wa mambo haya. Kosa la kwanza, la kutojua, lilipokewa kwa upole. Kwa sababu ya upole huo yakaja maswali. Na baada ya maswali kikaja kile ambacho hakuna bakora iwezayo kukitoa kwa mtu, nacho ni mwanafunzi mwenyewe kulileta kosa lake la siri mbele ya mwalimu ili liongozwe. Na ukali ulikuwapo pia, lakini ulikuja mahali pake, juu ya dhulma, tena baada ya moyo kwisha kufunguka. Lau yule bwana angalikemewa kwa ile chafya, huenda angalikwenda zake na maswali yake, na kijakazi yule angalibaki na kofi lake bila ya haki. Hiyo ndiyo faida ya kuaminiwa. Mwalimu aaminiwaye hufikiwa na khabari ambazo mwalimu aogopwaye hafikiwi nazo milele.

MAMBO SITA YA SIKU ZA KWANZA

Sasa twaingia katika matendo, kwani maneno mazuri yasiyo na matendo hayamsaidii mwalimu aliyesimama mbele ya watoto hamsini asubuhi ya Jumatatu.

La kwanza ni jina. Mwalimu na ajitahidi kuyajua majina ya wanafunzi wake upesi, na amwite kila mmoja kwa jina lake, wala asimwite "wewe wa nyuma" au "mrefu" au "mtoto wa fulani". Mwenye watoto wengi na ajifunze majina kumi kila siku. Kwa juma moja atakuwa amekwisha. Zaidi ya jina, na ajue jambo moja linalomshughulisha kila mtoto. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Anas alikuwa na ndugu yake mdogo, ambaye Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwita Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kidege akicheza nacho. Mtume (S.A.W.), pamoja na mizigo yote ya umma, alikuwa akimwuliza mtoto yule khabari za kidege chake. Basi ni mwalimu gani mwenye shughuli nyingi kuliko huyo hata akose nafasi ya kumwuliza mtoto khabari za paka wake, au za baba yake aliye baharini?

La pili ni masharti kujulikana mapema. Mtoto humwamini mtu ambaye ajua atatenda nini. Katika Sura ya Al-Kahf twasoma kisa cha Nabii Musa alipotaka kumfuata yule mja mwema ili ajifunze kwake. Kabla ya safari kuanza, mwalimu alitaja shida iliyopo na akaweka sharti lake wazi, na mwanafunzi akakubali. Sharti lilipovunjwa mara ya kwanza alikumbushwa, na mara ya pili akakumbushwa, na hawakuachana illa baada ya mara ya tatu. Basi mwalimu naye na aseme siku ya kwanza, kwa maneno machache, yatakiwayo na yasiyotakiwa. Sheria nne au tano zatosha. Asiyemwambia mtoto sheria, kisha akamwadhibu kwa kuivunja, amemwekea mtego.

La tatu ni kutimiza ahadi. Wahenga wamesema ahadi ni deni, na watoto ni wadai wakali. Mwalimu akisema Jumatatu kuwa Alkhamisi atawasimulia kisa cha Nabii Yunus, watamngojea Alkhamisi. Akisahau, hawatamdai kwa mdomo, lakini watakuwa wamejifunza kuwa neno lake ni upepo. Amepokea Abu Daud khabari ya Abdallah bin Amir, kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yupo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kuwa lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uwongo. Ikiwa tende moja yaandikwa, je, yale tuyasemayo darasani kila siku? Na vitisho navyo ni katika mlango huu huu. Mwalimu anayetisha kuwa atafanya hivi na vile, wala hafanyi, hupoteza neno lake sawa na anayeahidi zawadi asiitoe.

La nne ni uadilifu. Hapa ndipo walimu wengi huanguka bila ya kujua. Watoto katika siku za kwanza hutazama sana. Hutazama nani akalishwa mbele, nani hutumwa kununua chai, nani akichelewa huulizwa kwa upole na nani hukaripiwa. Katika miji yetu twajua tofauti zilizopo. Yuko mtoto wa mwenye duka na yuko mtoto wa mchukuzi. Yuko wa nasaba ijulikanayo na yuko ambaye wazazi wake wamehamia juzi. Yuko ambaye mama yake hupeleka sinia la chakula kwa mwalimu, na yuko ambaye mama yake hana cha kupeleka. Muhammad bin Sahnun wa Kairouan, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), aliandika kitabu juu ya adabu za walimu wa watoto, na moja katika masharti yake ni kuwa mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wawe sawa mbele ya mwalimu, na asiyewasawazisha ni mwenye kukhini amana. Na twajua khabari ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa zawadi peke yake na Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Akaulizwa kama wanawe wote amewapa mfano wake. Aliposema la, Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia. Ikiwa baba juu ya mali yake hakuachiwa kupendelea, mwalimu atapataje ruhusa ya kupendelea kwa ilimu, hali ya kuwa si mali yake?

Hapa pwani yetu tunao mfano. Huko Lamu, Habib Saleh bin Alwi Jamalillel, aliyefariki mwaka 1935, aliwafunza watu ambao wakubwa wa mji wa zama zile hawakuwaona kuwa ni wa kuketishwa pamoja na watoto wao. Twaweza kukhitalifiana katika mambo mengine, walakini haki yapasa isemwe. Watu wale walimwamini kwa sababu aliwapa nafasi katika darasa walipokuwa hawana nafasi mjini.

La tano ni kosa la kwanza. Kila darasa jipya lina siku ambayo mtoto mmoja atakosea mbele ya wenziwe. Atasoma herufi siyo, au atamwaga wino, au atacheka mahali pa kunyamaza. Wakati huo watoto wote hutazama uso wa mwalimu, na kila mmoja asema moyoni mwake: "Hivyo ndivyo nitakavyofanywa mimi." Basi mwalimu ajue kuwa anapomjibu mmoja awajibu wote. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipotaja wajibu za mwalimu katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, alianza na huruma, kuwa mwalimu awaweke wanafunzi mahali pa wanawe. Akataja pia kuwa mwanafunzi aonywe kwa ishara kila iwezekanapo, wala asifunuliwe kwa tahayari, kwani kufunua huvunja pazia la hishima na humtia mtu ujasiri wa kuendelea na uovu. Mtoto akisoma vibaya, mwalimu aweza kuisoma aya ile vizuri mwenyewe na kumtaka airudie. Kosa limesahihishwa, na mtoto hakuvunjika.

La sita ni kusema "sijui". Wako wanaodhani kuwa mwalimu akisema hajui, hishima yake itapungua. Imamu Malik wa Madina, ambaye watu walimfungia safari kutoka nchi za mbali kwa ajili ya ilimu yake, alijulikana kwa kujibu mengi katika maswali aliyoulizwa kuwa hajui. Mtoto anayemsikia mwalimu akisema "Hili silijui, nitalitafuta kesho nikwambie", kisha kesho akaambiwa, hupata masomo mawili kwa mara moja. Hujua jawabu, na hujua kuwa mtu huyu akisema ajua, kweli ajua.

SHAKA JUU YA BAKORA

Twajua kuwa baadhi ya ndugu zetu watatujibu kwa methali. Watasema: "Samaki mkunje angali mbichi," na "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hizi ni za kweli. Lakini kukunja si kuvunja. Mwenye kumkunja samaki mbichi humkunja taratibu, kwa sababu ni mbichi. Na mtoto hulizwa kwa mengi yasiyokuwa kupigwa. Hulia akinyimwa mchezo kwa kutomaliza kazi, hulia akirudishwa kuomba radhi kwa mwenziwe aliyemwonea, na vilio hivyo vina manufaa. Hatumwiti mwalimu katika ulegevu. Darasa lisilo na utaratibu nalo halina uaminifu ndani yake, kwani mtoto mnyonge huliwa na wenye nguvu, na mwalimu yuko pale atazama.

Wengine watashika hadithi ya kumwamrisha mtoto sala. Nasi twawaomba waitazame vizuri. Mtoto huamrishwa akiwa na miaka saba, na pigo halikutajwa mpaka miaka kumi. Katikati yake iko miaka mitatu mizima ya kuamrisha, na kuonyesha, na kukumbusha, bila ya pigo hata moja, na hayo ni katika sala ambayo ni nguzo ya dini. Basi yule ampigaye mtoto wa miaka mitano, katika siku yake ya tatu chuoni, kwa sababu hakutofautisha be na te, amelitoa wapi? Hata Ibn Sahnun, katika zama ambazo kupiga kulikuwa ni desturi ya ulimwengu wote, aliweka mpaka wa mapigo matatu katika masomo, na akakataza mwalimu kupiga hali ameghadhibika. Wanachuoni wa kale walikuwa wakiufunga mkono wa mwalimu, wala hawakuwa wakiufungua.

Juu ya hayo, sheria ya nchi yetu imekwisha kusema. Adhabu ya viboko katika shule za Kenya ilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, yamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaharimisha kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa nafsi. Katiba haikusema "illa chuoni". Mtoto wa chuo cha Kurani ni mtu sawa na mtoto wa shule ya serikali, na ingalikuwa aibu kubwa kwetu sisi, wenye Mtume aliyeletwa kuwa rehema, kuwa watu wa mwisho kuitua bakora.

WAJIBU WA WAZAZI

Mzigo huu si wa mwalimu peke yake. Mzazi aweza kuujenga uaminifu huu au kuubomoa kabla mwalimu hajafungua mdomo. Yuko mama ambaye mtoto akikataa kula humwambia: "Ngoja, nitakupeleka kwa mwalimu akuchape!" Kwa hivyo mtoto aingia chuoni hali ya kuwa mwalimu amekwisha kufanywa zimwi. Na yuko baba ambaye mtoto akileta malalamiko, humtukana mwalimu mbele ya mtoto bila ya kuuliza kisa. Wote wawili wamelikata tawi wanalolikalia. Mwenye neno na mwalimu na amwendee faraghani, baada ya salamu na kwa adabu, na asikie pande mbili.

Wazazi pia wakumbuke riziki ya mwalimu. Walimu wengi wa vyuo vyetu hulipwa kidogo, tena kwa kuchelewa. Mtu anayewaza kodi ya nyumba na deni la duka ni vigumu kuwa mpole kwa watoto hamsini. Tumpe haki yake kwa wakati, kisha tumdai upole.

Na liko jambo zito ambalo haitufai kulinyamazia kwa haya. Kumwamini mwalimu si kufumba macho. Uaminifu wa kweli hukaa mahali pa wazi, mlango ukiwa wazi. Mwalimu mwema hamwambii mtoto: "Hili usimwambie mama yako." Mtoto yeyote na afunzwe nyumbani kuwa hakuna siri baina yake na mtu mzima, akiwa mwalimu au jamaa au jirani, ambayo wazazi hawatakiwi kuijua. Na akileta khabari ya kuguswa au kudhulumiwa, asikizwe, wala asinyamazishwe kwa kuogopa jina la chuo au la ukoo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yamtia hatiani khasa mwenye mamlaka anayemkhini mtoto aliye chini ya amana yake. Kumficha mkhini si kuilinda dini. Ni kuwatoa watoto wa dini kafara.

MFANO WA KARIBU

Huenda ikasemwa kuwa haya ni rahisi kuandikwa na magumu kutendwa. Tunao ushahidi wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1986, mjini Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianza mpango wa madrasa za watoto wadogo, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alikuwa katika waliouongoza tangu mwanzo. Wazazi walikuwa wamebanwa baina ya mambo mawili: mtoto akae chuoni akose matayarisho ya shule, au aende shule ya watoto akose dini. Mpango ule uliyakutanisha mawili hayo chini ya paa moja. Walimu walifunzwa kutoka katika mitaa ile ile ya watoto, na watoto walijifunza kwa kucheza na kutenda, kwa vitu vilivyopatikana karibu nao. Wenyeji nao wakashirikishwa katika kuziendesha. Mwaka 1990 ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Mtoto mdogo hakuingia katika ulimwengu mgeni. Alimkuta mwalimu anayesema lugha ya nyumbani kwao na ajuaye dua za nyumbani kwao. Uaminifu ulianza hapo.

Na kabla ya hapo, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikwisha kutuonyesha upande mwingine wa jambo hili, pale alipoandika mafunzo ya dini kwa Kiswahili ili watu wasome na wafahamu. Mtoto hawezi kumwamini kwa muda mrefu mtu asiyemfahamu. Kukariri kuna mahali pake, lakini mtoto aelezwe, kwa lugha yake, maana ya analolikariri.

KHATIMA

Tumalizie kwa khabari ya vijana wengine wageni. Malik bin al-Huwayrith alikwenda Madina pamoja na vijana wenziwe wa umri mmoja, wakakaa kwa Mtume (S.A.W.) usiku ishirini wakijifunza. Malik asimulia kuwa alikuwa mpole na mwenye huruma. Alipohisi kuwa wamewakumbuka watu wao, aliwauliza wamewaacha nani nyuma yao, kisha akawaruhusu warejee, wakawafunze waliobaki na wasali kama walivyomwona akisali. Hawakulalamika wala hawakuomba ruhusa. Mwalimu ndiye aliyeona. Na kwa usiku ishirini tu walitoka wanafunzi, wakarudi kwao walimu.

Usiku ishirini ni karibu na majuma matatu. Ndio muda ambao mwalimu wetu wa leo anao, tangu kufunguliwa kwa shule, kabla watoto hawajakata shauri mioyoni mwao kama mtu huyu ni wa kuambiwa kweli au wa kufichwa. Basi kila mwalimu na autumie kwa uangalifu.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awajaalie walimu wetu subira na upole, na wazazi wetu hekima, na watoto wetu ilimu yenye manufaa. Amin.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA

1. Kwa nini Muawiya bin al-Hakam aliuliza maswali yake baada ya kusahihishwa, wala si kabla yake? Mwalimu achukue funzo gani hapo?

2. Taja vitendo vitatu vya upendeleo ambavyo mwalimu aweza kuvifanya bila ya kukusudia, na njia ya kujihadhari navyo.

3. Mtoto wa miaka sita amekataa kwenda chuoni kwa siku tatu, wala hasemi sababu. Mzazi aanzie wapi? Na mwalimu aanzie wapi?

4. Maneno "Nyama yako, mifupa yangu" tungeyabadilisha kwa maneno gani siku ya kumkabidhi mtoto kwa mwalimu wake?